Mhariri amenirudishia hadithi ikiwa nyekundu tupu. Nilipie darasa jingine?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua wabichi asubuhi vipe, vyombo vya wavuvi wetu, vinaporudi mwaloni, naanika, nachambua, nawauzia wanaosafirisha kwenda Dar es Salaam. Usiku watoto wakishalala naandika hadithi. Nilianza nikiwa sekondari, kwenye madaftari, siku hizi naandika kwenye simu.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, biashara ilisimama nikapata nafasi ambayo sijawahi kuipata. Nikaona tangazo la darasa la uandishi mtandaoni, wiki sita kwa shilingi 60,000. Nikatoa akiba nikalipa. Kumbe darasa lenyewe ni kundi la WhatsApp, tulikuwa zaidi ya watu mia mbili. Kila Jumatatu mwalimu anatuma sauti ya dakika kumi: leo wahusika, wiki ijayo mandhari, wiki nyingine dhamira. Siwezi kusema sikuambulia kitu. Lakini nilipotuma hadithi yangu alinijibu, "Hongera dada, una kipaji, endelea hivyo hivyo." Nikafurahi siku nzima. Baadaye nikaona wenzangu kama kumi wamejibiwa maneno hayo hayo.

Nikawa na hamu ya mtu wa kuniambia ukweli. Mwaka huu nikaelekezwa kwa mhariri mmoja wa Dar, nikamlipa 40,000 anisomee hadithi ya maneno elfu tatu. Inamhusu mwanamke ambaye mumewe alikwenda ziwani asirudi. Kusema kweli ni habari ya nyumbani kwetu. Baba alikuwa mvuvi, alitoka jioni moja nikiwa darasa la sita, hakuonekana tena. Mama tunaye, anaishi na sisi. Karabai ya akiba ya baba anayo mpaka leo, kila Jumamosi anaishusha na kuifuta kioo, ingawa haijawashwa miaka yote hiyo na wavuvi wenyewe wamehamia taa za sola.

Basi mhariri akanirudishia faili lina maoni 43 pembeni. Nilisoma manane nikazima simu. Aya ninayoipenda kuliko zote ni hii:

"Mama alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni. Machozi yalimtiririka kama mto. Alijua kwamba mpenzi wake hatarudi tena kamwe. Dunia yote ikamwia giza."

Yeye kaandika: "Sioni kitu hapa." Basi. Kwingine neno kipe amelikata akaweka mtumbwi, mgebuka akaukata akaweka samaki, eti msomaji hataelewa. Hii ni wiki ya tatu sijafungua lile faili, na sijaandika hata mstari.

Sasa kuna darasa jingine la Zoom, miezi miwili, mara mbili kwa wiki saa mbili usiku, shilingi 150,000. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Anasema hiyo hela ni mtaji wa dagaa, na darasa la kwanza halijaleta kitu. Si mtu mbaya, hata simu ninayoandikia alininunulia yeye. Na shoga yangu ananionya kwamba nikizidi kutuma hadithi huku na huko wataniibia.

Nilipie, Shangazi? Au yule mhariri ameona kwamba sina kipaji na mimi ndiye sitaki kukubali?

Mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo 150,000 usiitoe kwa sasa. Huenda darasa lenyewe ni zuri tu, ila una somo jingine umeshalilipia na hujalisoma. Maoni 43, umesoma manane. Yamebaki 35 yamekaa humo kwenye simu, na umeyanunua kwa hela ya dagaa.

Najua kwa nini hukuyafungua. Umempelekea mtu usiyemjua habari ya baba yako naye akakujibu "Sioni kitu hapa." Hata mimi ningezima simu. Na niseme wazi, mhariri wako alikosea. Mtu uliyemlipa hatakiwi kukuachia maneno matatu bila maelezo. Alipaswa kukwambia ni kitu gani alitegemea kukiona asikione. Niliwahi kusoma miswada kwa miaka kadhaa kabla ya safu hii, na najua uchovu unavyomfanya msomaji aandike kwa mkato. Nami nimewaandikia watu maoni ya namna hiyo, na leo nikiyakumbuka nayajutia.

Lakini hebu tuitazame hiyo aya, mimi na wewe, polepole.

Huzuni iko moyoni, hatuioni. Machozi kama mto tumeyasoma mara nyingi mno hata hayatuloweshi tena. Alijua hatarudi, nalo limo kichwani mwake. Dunia ikamwia giza, msemo tuliourithi sote, unamfaa aliyefiwa, anayedaiwa na aliyefeli mtihani. Ukiniuliza yule mama alikuwa amekaa au amesimama, alikuwa nyumbani au mwaloni, mikono yake ilikuwa inafanya nini, aya haina jibu. Kwa hiyo yale maneno matatu, pamoja na ukali wake, yalikuwa ya kweli neno kwa neno. Hakuna cha kuona pale.

Sasa rudi kwenye barua uliyoniandikia mimi. Humo hukuwa unaandika hadithi, ulikuwa unaeleza tu. Ukasema mama anayo karabai ya akiba ya baba na kila Jumamosi anaifuta kioo. Nilipofika hapo nikaweka simu chini kidogo. Neno huzuni hukulitaja na mimi nimeiona. Nimekutafutia karabai kwenye ile aya, haimo. Unaniambia hiyo ndiyo aya unayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nina wasiwasi kwamba kwenye hadithi nzima haimo.

Tazama nikichukua maneno yako mwenyewe na kuyapunguza tu:

"Jumamosi mama alishusha karabai ya baba, akaifuta kioo, akairudisha juu. Haikuwa na mafuta."

Hilo la mafuta nimelibuni, wewe ndiye unajua kama yamo au hayamo. Lakini umeona? Msomaji ataisogelea hiyo taa mwenyewe, atajiuliza kwa nini inafutwa isipowashwa, na akipata jibu litakuwa lake. Machozi uliyomwandikia tayari hana kazi nayo, umeshamlilia.

Ndiyo maana swali lako la kipaji nalijibu bila kusita. Mtu asiye na jicho hawezi kuiona ile karabai, na wewe umeiona tangu utotoni. Ulichokosa ni kujua kwamba hiyo ndiyo hadithi. Ulidhani hadithi lazima ivae nguo za sikukuu, ukaenda kuazima machozi ya mto kwa watu. Hilo hufundishika, na kwa sehemu kubwa hufundishwa na msomaji mkweli.

Juu ya huyo msomaji nikuulize jambo la kazini kwako. Mnunuzi akija kwenye mzigo wako anachukua dagaa mmoja anamtia mdomoni. Akisikia mchanga kwenye meno atakwambia hawa wana mchanga, na hapo hakosei, kwa sababu meno ni yake. Lakini akianza kukufundisha mchanga ulivyoingia na namna ya kuutoa, unaweza kumsikiliza na unaweza kumwacha. Uanikaji unaujua wewe. Unajua kama ni chanja ililegea, au ulianika chini siku ile mzigo ulipozidi, au ni upepo.

Maoni ya mhariri yasome hivyo hivyo. Anaposema "nimechoka hapa", "sijaelewa nani anaongea", "sioni kitu", huo ni mchanga kwenye meno yake, mwamini. Anapokwambia "weka neno hili badala ya lile", huo ni ushauri wa uanikaji, na uamuzi ni wako. Waandishi wengi chipukizi hufanya kinyume. Wanabishana na msomaji kuhusu alichokihisi, halafu dawa aliyoandika wanaimeza nzima nzima.

Kwa hiyo fungua faili mchana, ukiwa umekula, si usiku wa manane. Usirekebishe chochote siku hiyo. Soma yote 43 mpaka mwisho, kisha nakili kwenye daftari yale tu yanayosema msomaji alikwama wapi. Nadhani utayakuta si mengi, pengine kumi. Mengine yatakuwa nukta, mkato, herufi kubwa, na hayo unayasahihisha jioni moja yakaisha. Yale ya kubadili maneno yaache kwanza, maana nina la kusema juu ya kipe.

Usikubali kipe kiwe mtumbwi. Wewe unayenunua dagaa kila asubuhi unajua kwamba hivyo ni vitu viwili, na mvuvi wa Kibirizi akisoma mtumbwi pale penye kipe ataona mara moja kwamba aliyeandika hajawahi kusimama mwaloni. Mgebuka nao ni mgebuka. Mtu akisema "walikula samaki" hajatuambia kitu, akisema "walikula mgebuka" tumejua tuko ziwa gani. Na usiwe na unyonge na Kiswahili cha huko. Misafara ilikuwa ikipita kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, na Kiswahili kilishazoeleka Ujiji miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Hamkuletewa lugha na basi la jana.

Hata hivyo, yule mhariri alihisi kitu cha kweli, alipotea njia. Mchanga upo pale, dawa yake ndiyo si hiyo. Msomaji wa Tanga hajawahi kuona kipe. Usimwekee maelezo kama ya kitabu cha shule. Mwonyeshe wanaume wakikisukuma kwenye maji, taa zikining'inia, wavu ukishushwa, naye ataelewa kwa macho. Maneno ya Kiha nayo yatumie hivyo hivyo kama yamo. Bibi akitamka neno na mjukuu akakimbia kuchota maji, hakuna haja ya tafsiri.

Jambo jingine, uliponunua huduma ile hukuuliza ni usomaji wa aina gani, na wengi hawaulizi. Yupo anayesoma hadithi nzima na kukwambia inaanza kwa kuchelewa, mhusika huyu hana kazi, mwisho umekuja ghafla. Yupo anayeshughulika na sentensi na maneno. Na yupo msoma prufu, anayekamata makosa ya chapa tu kazi ikiwa tayari kutoka. Wewe ulihitaji wa kwanza, naona ulipata wa pili. Safari ijayo kabla hujatuma hela mwombe akusomee ukurasa mmoja kama mfano, uone anavyoandika maoni. Mwambie kwa maneno yako unachotaka: "Naomba unioneshe ulipochoka, ulipochanganyikiwa, na ulipoamini." Anayejua kazi yake hatakasirika. Na lipa nusu, nusu nyingine kazi ikirudi.

Tuje kwenye madarasa.

Kundi la watu mia mbili ni hotuba. Hotuba inafaa, umesema mwenyewe hukukosa kitu, lakini hakuna aliyejifunza kuandika kwa kusikiliza peke yake. Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani kilianzisha programu yake ya uandishi mwaka 1936, na utaratibu uliojulikana sana kutoka huko ni mwepesi kuueleza. Wanafunzi wachache wanaisoma kazi ya mwenzao kabla, wanakutana wanaizungumza, na mwenye kazi ananyamaza. Hatetei wala haelezi alikusudia nini. Ni kwa sababu hadithi ikishachapwa hutakuwepo kumweleza kila msomaji. Kile kimya kinauma, lakini humo ndimo unamosikia maneno yako yalimfikisha mtu wapi.

Kwa hiyo muulize mwenye darasa la Zoom mambo haya kabla ya kitu kingine: tutakuwa wangapi, na katika hiyo miezi miwili kazi yangu mimi itasomwa mara ngapi, na nani? Akikujibu kwa kukutajia mada atakazofundisha, jibu umelipata. Mimi binafsi nisingelipia darasa la zaidi ya watu kumi na wawili, wala darasa ambalo kazi yangu haisomwi angalau mara mbili, mara ya kwanza ilivyo na mara ya pili baada ya kuiandika upya. Hiyo ya pili ndiyo yenye faida na ndiyo wanayoiruka wengi. Muulize pia yeye ameandika nini, ukakitafute ukisome. Kama sentensi zake hazikuvutii, hawezi kukufundisha zako.

Na hesabu bando. Mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili ni vipindi 16. Saa moja ya Zoom ya kundi yenye video hula takriban gigabaiti moja, na hupanda zaidi picha ikiwa safi. Ongeza gharama hiyo juu ya 150,000 ndipo utajua bei ya kweli. Ukija kujiunga siku moja, zima kamera yako na usipokee video za wengine, sauti inatosha kabisa. Saa mbili usiku watoto wako wanakuwa wamelala? Hilo nalo liwaze, kwa sababu darasa linaloila saa yako ya kuandikia linakupunguzia kitu kikubwa.

Mume wako msikilize. Ameona fedha zikitoka mara mbili, na mara ya pili mkewe akaacha kabisa kuandika, kwa nini asiogope? Mwambie mwaka huu hutalipia darasa, utaimaliza hadithi moja. Kisha msomee. Dereva wa boda anabeba watu na maneno yao kutwa nzima, ana sikio. Usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri. Muulize alitaka kujua nini ambacho hukumwambia.

Wapo wawili watatu hapo Kigoma wanaoandika kama wewe, amini usiamini. Tafuta hata kwenye lile kundi la mia mbili, lazima mmojawapo ulimwona anaandika kitu kilichokugusa. Mwandikie pembeni. Mkiwa watatu, kila mmoja anatuma kurasa mbili kwa wiki, mwenye kazi anasikiliza sauti za wenzake bila kujibu mpaka kesho yake. Hilo ni darasa, na halina ada.

Kuhusu wizi usikose usingizi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata kabla hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jitumie faili kwa barua pepe ili tarehe ionekane. Woga uuweke kwenye mikataba: anayekutaka umpe haki zote za hadithi ili akufundishe au akuchapishe, mkatae.

Mwisho hadithi yako ina mahali pa kwenda. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, na haitozi ada ya kushiriki. Ya kwako ya maneno elfu tatu imo humo. Soma masharti ya mwaka husika kwa makini kabla hujatuma. Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, na ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, kwa upande wa riwaya zinataka mswada wa kitabu kizima, hizo zikungoje.

Andika upya ukurasa wa kwanza. Usiuanzie kwenye huzuni, uanzie Jumamosi asubuhi, kisha nitumie niusome. Na nina maswali ambayo sijaweza kuyatoa kichwani tangu barua yako ifike. Hiyo karabai mama anaiweka wapi siku nyingine za wiki, anaifuta kwa kitambaa gani, na wewe huwa uko wapi wakati anaifuta?

Shangazi